MAZUNGUMZO YA JUMA: Wawili katika Motokari Ndogo, toka Liège hadi Roma



Kijana wa shule akiona motokari ndogo ya mbio, yenye viti viwili tu, iliyoinama karibu na udongo, moyo wake huruka. Huacha mpira, huacha wenzake, huizunguka mara tatu, kisha huuliza: "Yaweza kukimbia kilometa ngapi?" Ndilo swali la kwanza la vijana wote, na pengine la baba zao pia. Sisi hatutawacheka. Mungu alimpa mtu akili ya kutengeneza vyombo, na chombo kilichotengenezwa vema chastahili kutazamwa. Lakini leo twataka kuwafundisha swali la pili, lililo bora kuliko lile la kwanza: "Yaweza kufika wapi, pamoja na nani, na kurudi bila kumwumiza mtu?"

Ili kulijibu swali hilo tumechagua habari moja ya kweli, habari ya safari ndefu zilizofanywa huko Ulaya kwa motokari ndogo za namna hiyo. Ziliitwa Liège–Roma–Liège. Wazee wengine kati yenu wamekwisha kulisikia jina hilo, maana Wabelgiji walilipenda sana, na mmoja wa washindi wake aliwahi kuishi hapa kwetu Kongo. Habari yenyewe ina mambo ya kufurahisha, ina na mambo ya kusikitisha. Tutayasema yote mawili.

MJI WA LIÈGE

Liège ni mji wa Ubelgiji, kando ya mto Meuse. Wakristo wanapaswa kuukumbuka kwa neno kubwa kuliko motokari. Ndiko ilikoanza sikukuu ya Mwili wa Kristo, ile tunayoiadhimisha kwa maandamano, watoto wakitupa maua njiani. Mtakatifu Juliana wa Cornillon aliiomba kwa miaka mingi, na Askofu wa Liège akaikubali katika jimbo lake mwaka 1246. Padri mmoja Mfaransa, aliyekuwa na kazi kubwa katika jimbo hilo, alichaguliwa baadaye kuwa Papa, akaitwa Urbano wa Nne. Naye mwaka 1264 aliiagiza sikukuu ile kwa Kanisa lote. Basi tangu zamani mna njia kati ya Liège na Roma: walipita humo mahujaji kwa miguu, mapadri juu ya farasi, na wajumbe wenye barua za maaskofu.

Mwaka 1931 chama cha wenye motokari cha mji ule, kilichoitwa Royal Motor Union, kilianzisha mashindano ya kwenda Roma na kurudi bila kupumzika. Bwana Maurice Garot aliyaongoza kwa miaka mingi, naye alikuwa mtu mgumu. Watu husimulia kwamba alitamani siku moja irudi motokari moja tu, nyingine zote ziwe zimeshindwa njiani. Jina la pili la mashindano hayo lilikuwa Marathon de la Route, maana yake mbio ndefu za barabarani.

NJIA YENYEWE

Ilikuwa safari ya karibu kilometa 5,000, zilizopaswa kumalizika katika siku nne, mchana na usiku. Hapakuwa na usiku uliotengwa kwa kulala. Palikuwa na vituo, na kila kituo na saa yake. Aliyechelewa alihesabiwa dakika za adhabu, na aliyechelewa mno aliondolewa. Watu wawili waliketi katika kila motokari. Mmoja alishika usukani, mwingine alisoma ramani na kuangalia saa, kisha wakabadilishana.

Ugumu haukuwa katika nchi tambarare. Ugumu ulikuwa katika milima ya Alpi, inayotenga Italia na nchi nyingine za Ulaya. Huko barabara ya Stelvio, iliyojengwa miaka ya 1820, yapanda hadi mita 2,757, na upande wake wa kaskazini una kona kali 48, moja juu ya nyingine, kama ngazi za mnara. Jirani yake iko njia ya Gavia, mita 2,621, ambayo wakati ule ilikuwa ya udongo na mawe, nyembamba kiasi kwamba motokari mbili zikikutana lazima moja irudi nyuma. Ukingoni hapakuwa na ukuta. Wenzetu waliokwisha kupita katika materemko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, au katika yale ya Kabasha, wataelewa bila maelezo mengi. Wafikirie sasa kupita mahali pa namna hiyo usiku wa manane, baada ya siku tatu bila kulala kitandani, tena kwa haraka.

MOTOKARI NDOGO

Kwa nini walichagua motokari ndogo? Twaomba wanafunzi wasikilize, maana hapa mna somo la fizika.

Motokari ya mbio hutengenezwa iwe nyepesi na fupi. Uzito ukipungua, injini haichoki kuusukuma mlimani, wala breki hazichoki kuuzuia bondeni. Tena huwekwa chini, karibu na ardhi, ili katika kona isitake kupinduka. Mtungi uliojaa ukichukuliwa kichwani huyumba, lakini ukichukuliwa mkononi, karibu na goti, hautikisiki sana. Ni neno lile lile.

Porsche 356, iliyoshinda mwaka 1952 na tena 1954, ilikuwa na injini ndogo nyuma, iliyopozwa kwa upepo tu bila maji, kama ile ya Volkswagen iliyo mzazi wake. Mwaka 1958 ilishinda Alfa Romeo Giulietta, na injini yake haikufika hata lita moja na nusu. Magari makubwa yenye nguvu mara mbili yaliachwa nyuma. Nguvu zao ziliwasaidia katika njia iliyonyoka, kisha zikawageukia mlimani: walifika kwenye kona kwa kasi mno, wakalazimika kufunga breki kwa nguvu mno, na breki zikashika moto.

Tueleze jambo hili la breki, kwa sababu laweza kuokoa roho ya mtu. Breki husimamisha motokari kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Dereva akishuka mlima mrefu huku amekanyaga breki muda wote, joto huzidi hata breki hazishiki tena. Mguu wakanyaga, lakini motokari yaendelea. Breki za ngoma za wakati ule ziliharibika upesi kwa namna hiyo, na ndiyo sababu Austin-Healey 3000, iliyotoka mwaka 1959, ilipewa breki za sahani katika magurudumu ya mbele, zinazopozwa na upepo. Lakini dereva mwenye akili, hata akiwa na loria kuukuu, hushuka kwa gia ile ile ambayo angepandia. Injini yenyewe humshikia motokari, na breki hubaki baridi mpaka saa ya kuzihitaji.

Na hesabu ya kasi ndiyo hii. Motokari ya kilometa 50 kwa saa huenda karibu mita 14 kwa nukta moja. Ya kilometa 100 huenda karibu mita 28. Dereva akiona mtoto anaingia barabarani, nukta moja hivi hupita kabla mguu wake haujafika kwenye breki: mita 28 zimekwisha kupotea. Kisha, ukiongeza kasi mara mbili, mwendo wa kusimama wenyewe hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Vijana wasioijua hesabu hii wasishike usukani. Na wanaoijua lakini hawaitii wana hatia kubwa zaidi.

WAWILI NDANI YA CHUMBA KIMOJA

Motokari ya mbio ina sehemu ndogo sana kwa mizigo. Waliokwenda Roma walichukua vifaa vya kutengenezea, mipira ya akiba, maji, mkate, na blanketi. Basi. Kila kitu kisicho cha lazima kilibaki nyumbani. Tunaliona hilo kuwa zuri. Msafiri anayelazimika kuchagua hujifunza ni vitu gani ahitajivyo kweli, na ni vitu gani alivipenda tu ili watu wavione.

Lakini jambo gumu zaidi ndani ya chumba kile kidogo lilikuwa mwenzi. Siku nne, bega kwa bega, katika joto, vumbi na kelele za injini. Mmoja amechoka, mwingine amechoka zaidi. Msomaji wa ramani asema "kulia". Dereva aona kushoto ni kuzuri. Yupi amsikilize mwenziwe? Tena saa ya mmoja kulala ikifika, huyo anayelala huukabidhi uhai wake katika mikono ya mwingine, afumbe macho kando ya bonde la mita mia. Asiyemwamini mwenziwe hawezi kulala, na asiyelala hawezi kuchukua zamu yake. Ndiyo maana wengi waliokuwa na motokari nzuri hawakufika: walikuwa madereva wawili hodari, lakini hawakuwa wenzi.

Ninyi mliofunga ndoa, mwalielewa fumbo hili kabla hatujalieleza. Nyumba pia ni chumba kidogo, na safari yake ni ndefu kuliko kilometa 5,000. Mume anayetaka kushika usukani siku zote bila kuuliza njia, na mke anayeificha ramani kwa sababu jana alikasirishwa, watapotea wote wawili, na watoto walio nyuma yao pia. Heri wale wanaosemezana kwa sauti ya chini wakati wa uchovu.

MTU ALIYETOKA KONGO

Sasa tumtaje yule tuliyeahidi. Jina lake Olivier Gendebien, Mbelgiji, aliyezaliwa Bruxelles mwaka 1924. Wakati wa vita ya pili alikuwa askari wa miavuli. Baada ya vita alikuja Kongo, akafanya kazi ya misitu kwa miaka michache. Huko Stanleyville, mji ulioitwa Kisangani tangu 1966, alikutana na mwananchi mwenzake, Charles Fraikin, aliyependa mashindano ya motokari lakini hakuwa na mwenzi. Gendebien akajitoa. Basi urafiki uliozaliwa kando ya mto wetu mkubwa ndio uliomwingiza katika kazi iliyomletea sifa.

Waliporudi Ulaya wakakimbia pamoja, wakapata nafasi ya pili mara nyingi hata watu wakawatania. Gendebien hakukata tamaa. Mwaka 1955, akiwa pamoja na Pierre Stasse katika Mercedes 300 SL, motokari ya viti viwili ambayo milango yake hufunguka kwenda juu kama mabawa, alishinda Liège–Roma–Liège. Baadaye Waitalia wa Ferrari wakamchukua, na katika mashindano ya Le Mans nchini Ufaransa, ya masaa 24, akashinda mara nne: 1958, 1960, 1961 na 1962.

Na baada ya ushindi wa 1962, akiwa bado na nguvu, aliacha. Alikuwa na mke na watoto, na nyumbani walitaka aache. Wenzake wengi walikuwa wamekwisha kufa. Akawasikiliza watu wa nyumba yake, akaishi mpaka mwaka 1998. Kati ya matendo yake yote, twalisifu hili kuliko yale mengine. Kushinda mara nne kwahitaji mkono mwepesi na moyo usioogopa. Kuacha siku watu wanapokupigia makofi kwahitaji fadhila ile ambayo katekisimu huiita busara, na kuitaja ya kwanza kati ya fadhila nne kuu.

WANAWAKE WAWILI

Wako waume wanaosema kwamba mwanamke hawezi safari ngumu. Wasome habari ya mwaka 1960. Waliposhinda mwaka huo katika Liège–Roma–Liège hawakuwa wanaume. Walikuwa Waingereza wawili, Pat Moss na Ann Wisdom, katika Austin-Healey 3000, motokari yenye silinda sita na usukani mzito. Pat Moss alikuwa amejulikana kwanza kwa kupanda farasi wa kuruka vizuizi, na kaka yake, Stirling Moss, alikuwa dereva mashuhuri. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake kushinda mashindano makubwa ya namna hiyo mbele ya wanaume wote. Mwaka 1962 wawili hao walikuja hata Afrika ya Mashariki, katika ile safari ya Kenya, Uganda na Tanganyika, wakashika nafasi ya tatu kwa motokari ndogo ya Saab.

Waliwezaje? Waliokuwa pamoja nao husifu umoja wao. Ann alikuwa kiongozi wa njia, akapanga saa, ramani na chakula, ili Pat apate kufikiri jambo moja tu. Hawakushindana wao kwa wao. Wasichana wetu wa shule waweke neno hili moyoni, na wazazi wanaowaondoa shuleni mapema waliweke pia.

USINGIZI

Hapa tusimame kidogo, maana usingizi umeua watu wengi kuliko milima.

Wale wa Liège walisafiri siku nne wakilala kwa vipande: nusu saa katika kiti, dakika kumi kituoni. Wengine walifika kwa namna hiyo. Wengine waliona vitu visivyokuwapo: ukuta katikati ya barabara, mtu mwenye taa, mti unaotembea. Mwili una sheria zake, zilizowekwa na Muumba, nao huzidai kama mdai anavyodai deni. Wataalamu wa siku zetu wamepima jambo hili: mtu aliyekesha masaa 17 mfululizo ana ulegevu kama wa mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu. Yaani hakunywa hata tone, lakini mkono wake wachelewa kama wa mlevi.

Dereva wa gari la abiria anayeondoka saa kumi ya alfajiri na kuendesha mpaka usiku, kwa sababu mwenye gari ataka faida, amewaweka abiria wake katika hatari hiyo. Na abiria wanaompigia kelele "Ongeza! Ongeza!" wanashiriki kosa lake. Kwa hiyo twashauri: kila baada ya masaa mawili, simama. Shuka, nyosha miguu, kunywa maji, tazama mipira. Macho yakianza kuwa mazito, wala muziki wala upepo wa dirishani haviponyi. Dawa yake ni kulala tu. Wazee walisema kwamba haraka haraka haina baraka, nao hawakuwa na motokari.

WATOTO KANDO YA NJIA

Tumeyasifu mashindano yale mpaka hapa. Haki yataka tuseme na upande wa pili.

Barabara zile hazikuwa uwanja uliozungushiwa ukuta. Zilikuwa barabara za watu. Vijiji vilikuwapo, mbuzi, baiskeli, bibi wanaokwenda Misa ya asubuhi. Miaka ile madereva wengi walijisema: "Watajihadhari." Ndipo msiba mkubwa ulipoanza kuwafumbua watu macho. Tarehe 11 Juni 1955, huko Le Mans, motokari moja iliruka kati ya watazamaji, na zaidi ya watu 80 wakafa. Tarehe 12 Mei 1957, katika mashindano ya Mille Miglia nchini Italia, yaliyokwenda toka Brescia hadi Roma na kurudi, mpira wa motokari ya Alfonso de Portago ulipasuka karibu na kijiji cha Guidizzolo. Alikufa yeye na mwenzi wake, na pamoja nao watu tisa waliokuwa wamesimama kando ya barabara kutazama. Kati ya hao tisa, watano walikuwa watoto. Gendebien mwenyewe alikuwamo katika mashindano hayo siku hiyo, akamaliza wa tatu.

Watoto watano, wasomaji wapenzi. Walitoka nyumbani kuona motokari nzuri zikipita, sawasawa na watoto wetu wanaokimbilia ukingo wa barabara wakisikia honi. Hakuna kikombe cha fedha kinachoweza kulipa hilo.

Serikali ya Italia ikakataza mashindano hayo ya kasi katika barabara za watu, na Mille Miglia ya namna ile ikaisha. Liège–Roma–Liège nayo ikabanwa. Motokari za watu wa kawaida zilikuwa zimeongezeka kila mahali, na njia za Ulaya ya Magharibi hazikuwa tupu tena. Tangu mwaka 1961 ikageuzwa kwenda Sofia, katika Bulgaria, kwa kupitia njia za vumbi za Yugoslavia. Mwaka 1964 ikafanyika mara ya mwisho barabarani, na Austin-Healey 3000 ikashinda tena, ikiendeshwa na Rauno Aaltonen na Tony Ambrose. Baada ya hapo ikapelekwa Ujerumani, katika njia iliyofungwa ya Nürburgring, ambako motokari zilizunguka mchana na usiku bila kumkuta mtoto wa mtu. Twaona ilikuwa haki.

AMRI ZA BARABARA

Pengine mtu atasema: "Mambo haya ni ya polisi, yanalihusu Kanisa namna gani?" Yanalihusu sana. Amri ya tano haikusema kwamba yahusu upanga na mkuki peke yake. Anayeua kwa uzembe wa gurudumu ameua.

Mama Kanisa amewakumbuka wasafiri tangu mwanzo wa motokari. Mwaka 1925 Papa Pio wa Kumi na Moja aliwapa madereva Mtakatifu Fransiska wa Roma kuwa msimamizi wao, naye Mtakatifu Kristofa huombwa na wasafiri wote. Mwaka 2007 ofisi moja ya Vatikano, ile iliyowatunza wahamiaji na wasafiri, ilitoa mwongozo mrefu juu ya uchungaji wa barabarani, na ndani yake mna amri kumi za madereva. Tuzifupishe kwa maneno yetu wenyewe.

Mwongozo ule waanza kwa kukataza kuua. Wasema kwamba barabara yapasa kuwaunganisha watu, isiwadhuru. Wataka dereva awe na adabu, unyofu na busara, ili ya ghafula yakitokea asipotee. Waagiza kumsaidia jirani aliyepata ajali. Wakataza kuigeuza motokari kuwa chombo cha kujionyesha ukubwa na kuwatawala wengine. Wahimiza tuwashawishi kwa upendo wale wasiofaa kuendesha kwa sababu ya ulevi au uchovu, waache usukani. Wataka tuzitegemeze jamaa za waliokufa. Wataka, wakati unaofaa, aliyekosa na aliyeumizwa wakutanishwe ili wasameheane. Waamuru kumlinda aliye dhaifu barabarani. Mwisho wasema kwamba kila mmoja ajione ana wajibu juu ya wengine.

Tazameni ile amri ya kumlinda dhaifu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2021 watu karibu milioni 1.19 waliokufa kwa ajali za barabarani duniani. Zaidi ya nusu walikuwa wenda kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Na kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, hakuna ugonjwa wala vita inayoua wengi kuliko barabara. Si simba, wala nyoka, wala homa. Barabara.

Na kumbukeni mfano wa Msamaria. Bwana wetu aliuweka barabarani, katika njia itokayo Yerusalemu kwenda Yeriko. Padri na Mlawi walikuwa na haraka. Msamaria naye alikuwa na safari yake, lakini alishuka juu ya mnyama wake. Siku hizi mnyama ana injini, na ni vigumu zaidi kushuka, maana kwa kilometa 100 kwa saa aliyeanguka huonekana kwa nukta mbili tu, kisha yuko nyuma.

NENO LA MWISHO

Kwa vijana twasema: pendeni motokari, jifunzeni injini yake, chungueni sababu ya kila kipande. Nchi yetu yahitaji mafundi wengi kuliko inavyohitaji watu wa kupiga honi. Mkipata siku moja neema ya kusafiri mbali kwa motokari ndogo, fanyeni kama wale waliofika Roma na kurudi: mizigo michache, mipira mizima, breki zilizopimwa, mwenzi mnayeaminiana naye. Lakini msifanye mbio zao. Barabara zetu ni za watu wanaobeba kuni na watoto wanaotoka shuleni, na hakuna kituo chenye saa kinachowangojea ninyi.

Kwa wazazi twasema: mfundisheni mtoto barabara kabla hamjamfundisha mji. Mshikeni mkono. Mwonyesheni upande wa kutembea, aone magari yanayokuja usoni pake. Na ikiwa baba ndiye dereva, ajue kwamba mtoto aketiye nyuma hujifunza kuendesha tangu leo, kwa kumtazama yeye.

Kwa madereva twaomba jambo moja jepesi. Kabla ya kuwasha injini, fanyeni ishara ya msalaba, polepole, si kama mtu anayefukuza nzi. Muda wa ishara hiyo watosha kukumbuka majina ya watu wa nyumbani mwenu. Kumbukeni na kwamba kila mtu mtakayemkuta njiani ana nyumba pia, na ndani yake wako wanaomngojea kwa chakula cha jioni.

Mungu awalinde njiani, na Bikira Maria awarudishe salama.